Wanaoshusha Wastani

Jane aliibeba barua ile mwenyewe. Mvua ya Machi ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, barabara za Lipangalala, pale Ifakara, zimekuwa tope tupu, naye alitembea ameificha kifuani chini ya sweta la shule isije ikaloa. Alipofika kwenye kibanda cha baba yake cha kutengenezea baiskeli, alikuta baiskeli imepinduliwa magurudumu juu na mteja mmoja amekaa kwenye benchi anasubiri.

"Shikamoo baba. Shikamoo mzee," alisalimia. "Mwalimu mkuu amesema nikupe wewe mwenyewe, mkononi."

Marcelino alikuwa anabadilisha gololi za gurudumu la nyuma, grisi imempanda mpaka kwenye viwiko. "Nisomee, mwanangu. Nikiishika mimi hiyo itakuwa tambara la kufutia."

Jane aliifungua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na urefu uliokuwa umeanza kumshinda kuuficha. Akajikohoza kidogo kama wasomaji wa kanisani, akasoma bila kigugumizi: "Kwa mzazi au mlezi. Unaalikwa kwenye kikao cha wazazi kitakachofanyika siku ya Ijumaa saa mbili kamili asubuhi hapa shuleni. Kufika kwako ni muhimu kwa maendeleo ya mtoto. Wako katika ujenzi wa taifa, mwalimu mkuu."

"Huyu atafika mbali," mteja alisema.

Marcelino alitabasamu bila kuinua uso. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mwaka wa tatu sasa, na kumsikia mtoto wake akisoma vile mbele ya mtu baki kulimpa raha ambayo hakutaka ionekane. Alishangaa tu kwamba kikao kimeitishwa kamati haina habari. Mteja alipoondoka alinawa mikono kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga, akaichukua ile karatasi aone ni Ijumaa ipi.

Haikuwa barua ya mwaliko. Ilikuwa fomu yenye mistari ya nukta nukta. Mimi, nukta nukta, mzazi wa, na hapo mtu alikuwa ameshajaza kwa peni ya bluu jina la Jane Marcelino, ninakubali mwanangu asajiliwe kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi katika kundi la watahiniwa wenye ulemavu wa akili. Chini paliachwa nafasi ya saini. Hapakuwa na Ijumaa wala saa mbili popote.

Alidhani mtoto amechanganya karatasi.

"Jane. Hebu nisomee tena."

Jane akasoma. Maneno yale yale, hakupunguza hata moja, na macho yake yalikuwa yakienda kushoto kulia, kushoto kulia, kama ya mtu anayesoma kweli.

Marcelino aliweka kidole kwenye karatasi. "Neno hili?"

"Mzazi."

"Na hili hapa?"

Jane alilitazama muda mrefu. "Ijumaa," alisema.

Neno lile lilikuwa "akili".

Baba yake alichukua boksi la tairi, akachana upande mmoja, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama anayemwandikia mtoto wa chekechea: BABA ANAKULA WALI. Akampa. Jane aliligeuza boksi, akaligeuza tena, akalishika karibu na uso.

"Hii bado hatujafundishwa," alisema.

"Jane, hujui kusoma?"

"Najua kuandika," alijibu haraka. Akatoa madaftari yake kwenye mfuko, moja baada ya jingine, akayapanga kwenye benchi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa makarani. Kurasa na kurasa za wino wa bluu, na pembeni alama za vema za wino mwekundu. Mwalimu anaandika ubaoni, alieleza, halafu anatoka. Wao wananakili. Kengele ikigongwa madaftari yanakusanywa, yanawekewa vema. Kwenye mitihani wanachagua herufi tu, na rafiki yake anayekaa mbele humwonyesha kwa vidole, kidole kimoja ni A, viwili ni B.

"Hamsomi kwa sauti? Mmoja mmoja, mnasimama?"

Jane alimtazama baba yake kwa mshangao wa kweli. "Baba, tuko mia na kumi na nane."

*

Domitila alirudi jioni kutoka shambani Katindiuka, miguu imejaa tope hadi magotini. Alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, jembe bado begani. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akakifungua mbele ya Jane na kumnyooshea.

"Soma."

Jane akainamisha kichwa.

"Mimi niliishia darasa la tatu," Domitila alisema. Hakumwambia Jane, alimwambia mumewe. "La tatu, Baba Jane, shule ya udongo, tunaandika chini kwa vijiti. Na kitabu hiki nakisoma chote. Sasa huyu miaka saba alikuwa anakwenda kufanya nini? Na wewe kule kwenye kamati mlikuwa mnafanya nini?"

Kila muhula Jane alileta taarifa ya maendeleo, nafasi ya thelathini na moja, ya ishirini na nane, anajitahidi, aongeze bidii. Marcelino aliisaini na kuihifadhi kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo.

Asubuhi hakufungua kibanda. Alivaa shati lake la Jumapili akaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Elineema, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka arobaini na kitu, mwenyeji wa Upareni, na tangu aje pale shule ilikuwa imepakwa rangi, miti imepandwa, na ukutani nyuma ya kiti chake kikatundikwa cheti cha pongezi kwa kupanda nafasi kumi na nne kwa mwaka mmoja.

"Karibu mjumbe, karibu sana. Chai?"

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya fomu hii."

"Ndiyo. Umeshasaini?"

"Mtoto wangu hana ulemavu."

"Hakuna aliyesema ana ulemavu, mzee wangu. Hilo ni jina la kundi tu." Alimimina chai kwenye vikombe viwili. "Wale ambao wakifanya mtihani na wenzao watatushushia wastani, tunawasajili kando. Matokeo yao yanahesabiwa kando. Shule inabaki pale ilipo, mtoto anapata cheti chake, hakuna anayeumia. Na wewe ulikuwepo Februari tulipopitisha. Ajenda ya nne."

Marcelino aliikumbuka. Mkakati wa kulinda ufaulu, ndivyo ilivyoitwa. Watoto kumi na tisa, bila majina. Ilichukua muda mfupi kuliko ajenda ya tano, iliyohusu kama wajumbe waletewe soda au juisi, na yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Nani alimfundisha darasa la kwanza?" aliuliza.

"Mimi nilihamia hapa yuko la nne. Nimemkuta hivyo. Na mwalimu wa la saba atakwambia naye amemkuta hivyo, na hadanganyi."

"Sasa la nne pale, kwenye upimaji, alipitaje?"

Mwalimu Elineema alitabasamu, si kwa dharau, kwa uchovu. "La nne wote walipita, mzee Marcelino." Akakoroga chai ambayo tayari alishaikoroga. "Unajua mwaka ule tulipokuwa mkiani? Niliitwa mbele ya walimu wakuu wenzangu, nikaambiwa nisimame kwenye kiti. Mtu mzima, na tai yangu, nimesimama juu ya kiti kama mtoto mtoro, wenzangu wanacheka. Nikaapa haitatokea tena. Walimu ninao tisa, watoto elfu moja na mia mbili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningewafundisha kusoma."

"Kwa mwaka mmoja? Kwa walimu tisa?" Alisukuma kikombe karibu na mgeni wake. "Saini, mzee wangu. Usiposaini nitalazimika kumrudisha la nne, maana taratibu zinaniruhusu. Miaka kumi na mitatu, na kifua kile. Fikiria."

Marcelino aliiacha chai, akatoka. Fomu alikuwa nayo mfukoni, haina saini.

*

Siku mbili baadaye Mwalimu Dorika alileta baiskeli yake kibandani. Cheni ilikuwa nzima. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne kutoka Mlimba, amemaliza chuo cha ualimu, hana ajira, anajitolea pale shuleni kwa nauli ya kuungaunga. Aligeuka nyuma mara mbili kabla ya kukaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Ina tatizo gani?"

"Haina tatizo. Nimekuja kukwambia kitu, ila sijasema mimi." Aliongea huku anachezea kengele ya baiskeli bila kuipiga. "La saba wasiojua kusoma ni hamsini na wawili. Nilipewa kuwahesabu. Ila waliowekwa kwenye orodha ni kumi na tisa tu. Wamechaguliwa wale ambao wazazi wao hawatapiga kelele. Wanaouza samaki, wanaolima, wajane."

"Na mimi?"

Dorika aliiachia kengele. "Wewe uliongezwa mwisho, baba. Mwalimu mkuu alisema mjumbe wa kamati akisaini wa kwanza, wengine wote watafuata."

Marcelino alikaa chini kwenye kopo la rangi. Alijiona akiwa amevaa shati la Jumapili kwenye kile kikao cha Februari, amenyoosha mkono, anaonekana na kila mtu.

"Jane si mjinga," Dorika aliendelea. "Nimemtazama, na amenisimulia habari ya barua. Mtoto anayeweza kukariri barua nzima na kukudanganya wewe baba yake si mjinga. Nipeni saa moja kila jioni. Nipeni mpaka Juni."

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku baada ya masomo Dorika alikuja na chaki mfukoni. Aliandika kwenye mlango wa jiko, ba be bi bo bu, na Jane, ambaye kichwa chake kilikaribia kugusa kizingiti, alisimama akizitamka kwa sauti ya chini majirani wasisikie. Wiki ya kwanza alilia karibu kila siku. Wiki ya pili alisoma kuku, dada, baba, mama. Wiki ya tatu Domitila alikuwa anapepeta mchele uani, akamsikia mtoto akisema peke yake, kwa hasira, kama anayekwaruza sufuria: "Ka-la-mu. Kalamu. Kalamu ya. Kalamu ya da-da." Ungo ukatulia mikononi. Hakugeuka, aliogopa akigeuka mtoto atanyamaza.

*

Kikao cha wazazi kiliitishwa kweli katikati ya Aprili. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwalimu mkuu alisoma nafasi za shule, wazazi wakapiga makofi. Alisema lengo la mwaka huu ni kuingia tatu bora, wakapiga tena. Marcelino alisubiri makofi yaishe, akasimama. Domitila, aliyekaa na wanawake upande wa pili, alimtazama akitikisa kichwa taratibu, akimwomba akae.

"Nina jambo," Marcelino alisema. "Tunapiga makofi, lakini watoto hawajui kusoma. Wangu hajui. Darasa la saba kuna watoto hamsini na wawili hawajui kusoma. Kama mtu anabisha, waitwe hapa sasa hivi, wapewe kitabu cha darasa la pili, wasome mbele yetu."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba mtu mwenye mtoto mzito asiwachafulie wengine shule yao. Baadhi wakacheka.

Mwalimu Elineema hakukasirika. Aliuliza kwa upole, "Hamsini na wawili. Takwimu hizo za shule umepewa na nani, mjumbe?"

Marcelino alijizuia asimtazame mtu. Lakini macho ya walimu waliokaa ukutani yaligeuka yote kuelekea pembeni, alikosimama Dorika ameshika daftari la mahudhurio, na Marcelino aliyaona yakigeuka.

"Basi," mwalimu mkuu alisema, akafungua jalada. "Kwa faida ya wazazi, naomba nisome muhtasari wa kamati wa mwezi wa pili. Ajenda ya nne. Mjumbe Marcelino aliunga mkono hoja ya kuwasajili kando wanafunzi wanaoshusha wastani, akasema, nanukuu, mchele wetu wa Ifakara hauwezi kupata bei nzuri ukiuzwa na chenga zake, lazima uchekechwe. Mwisho wa kunukuu. Saini yake hii hapa."

Alikuwa amesema. Alikumbuka hata jinsi wajumbe walivyocheka, na jinsi alivyofurahi kuwachekesha.

Kutoka safu ya nyuma aliinuka mwanamke mnene mwenye mtandio wa kijani. Marcelino alimfahamu, ni Mwanasha anayekaanga perege sokoni, mama yake Sada. Fomu yake alikuwa ameshaisaini wiki mbili zilizopita. Aliambiwa ni ya chakula cha mchana; sasa alikuwa ameelewa ni ya nini.

"Baba Jane," Mwanasha alisema. Hakupaza sauti, hapakuwa na haja. "Siku ile uliposema chenga, ulidhani ni watoto wa nani?"

Marcelino alibaki amesimama. Mwishowe alikaa, na dawati lile dogo likalia chini yake, na watu wakacheka tena.

*

Jumatatu Dorika aliambiwa asirudi. Hakupewa barua kwa sababu hakuwa na barua ya kumwajiri. Alipita nyumbani kwa Marcelino na begi lake limefungwa nyuma ya baiskeli, akamwachia Domitila kitabu cha darasa la kwanza kisicho na jalada na chaki nne.

"Amebakiza silabi za herufi tatu," alisema. "Mba, nda, nja. Mkae naye, mama. Usiache hata siku moja."

"Nitakaa naye," Domitila alisema.

Marcelino alimsindikiza mpaka njiapanda akimsukumia baiskeli. "Nisamehe, mwalimu. Ni mdomo wangu."

"Ulisema kweli, baba," Dorika alijibu, lakini hakumtazama. Alipanda baiskeli akaondoka.

Kesho yake, Jumanne, Jane alirudishwa darasa la nne.

Alikwenda siku kumi. Alikalishwa dawati la nyuma, magoti hayaingii, akakaa upande upande. Watoto wa miaka kumi walimwita bibi. Walimwuliza kama ana mume. Mwalimu wa la nne, aliyekuwa na watoto mia na hamsini, hakumwonea wala hakumsaidia. Aliandika ubaoni akatoka, na Jane akanakili kwa ule mwandiko wake mzuri mambo aliyoyanakili miaka mitatu iliyopita. Siku ya kumi alipata damu yake akiwa darasani, na sketi ikaonekana. Alikimbia hadi nyumbani, mfuko wa madaftari ameufunga kiunoni nyuma.

Domitila hakuwa amekaa naye kama alivyoahidi. Mpunga ulihitaji palizi, shamba lilikuwa la kukodi, na alirudi jioni hana hata nguvu ya kunawa. Marcelino alijaribu siku mbili, akamfokea mtoto kwa neno "jambo", kwa kuwa yeye mwenyewe alilijua tangu zamani na hakuweza kuelewa mtu analishindwaje. Baada ya hapo Jane akawa anasema kichwa kinamuuma.

"Mama, saini," Jane alimwomba siku ile, akiwa amejifungia ndani ya kanga. "Saini nirudi kwa wenzangu. Hata wakiniita kichaa. Mimi nikae tu na wenzangu."

Domitila alijua mumewe alikoificha fomu. Ilikuwa kwenye sanduku, chini ya zile taarifa za maendeleo. Aliisaini juu ya kinu kilichopinduliwa, jina lake lote, akikandamiza peni mpaka karatasi ikatoboka, akaipeleka shuleni mwenyewe.

Marcelino aliambiwa jioni, uani.

"Umemwandika mtoto wako kichaa," alisema.

"Wewe ulimwandika kabla yangu," Domitila alisema. "Mimi nimeweka jina tu."

Hawakugombana zaidi. Walikula, kila mmoja na sahani yake, na toka siku hiyo kukawa na mambo mengi nyumbani mle yaliyosemwa kupitia kwa Jane: mwambie baba yako maji yapo, mwambie mama yako natoka.

*

Jane alirudi la saba, lakini si kwa wenzake. Wale kumi na tisa walikuwa wamepewa chumba chao, kilichokuwa stoo ya majembe, ili la saba wengine wafanye kambi ya mitihani kwa nafasi. Mlangoni palibandikwa karatasi, na Jane aliweza kuisoma nusu. Alisoma "ma" na "hi" na "ta" na "ji". Neno la pili, "maalum", lilimshinda. Mwalimu wa chumba kile alikuwa hajapangwa. Siku za mwanzo mwalimu wa zamu alichungulia asubuhi kuwahesabu. Baadaye hakuchungulia tena. Walikaa, wakalala juu ya mikono, wakasukana nywele. Mmoja aliacha kuja, akafuatwa na watatu, na hakuna aliyewafuata majumbani kuuliza. Mwishoni mwa Mei mwalimu wa zamu aliwaambia waliobaki kwamba kwa sasa si lazima waje kila siku. Wataitwa Septemba, siku ya mtihani.

Marcelino alikwenda kwa afisa elimu, akaambiwa aandike barua. Aliandika. Akarudi baada ya wiki mbili, akaambiwa barua imepokelewa, na kwamba kwenye jalada ipo fomu iliyosainiwa na mzazi, pamoja na muhtasari wa kamati. Aliomba kujiuzulu ujumbe. Mwalimu Elineema alimsihi abaki hadi mwaka uishe, kwa heshima, kisha akaacha kumwita vikaoni. Jina lake liliendelea kuandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria.

Mwanzoni mwa Juni mpunga wa Katindiuka uliiva na ndege wakaja kwa maelfu. Domitila alikuwa amelala na homa, kwa hiyo Jane ndiye aliyekuwa shambani kuamia, kuwafukuza ndege. Siku moja, saa nne asubuhi, saa za masomo, Marcelino alifunga kibanda akampelekea chakula kwa baiskeli. Aliiacha baiskeli kwenye tuta akaendelea kwa miguu, bakuli limefungwa kwa kitambaa. Mpunga ulikuwa umemfika kifuani, wa dhahabu, hauna mwisho, mavuno mazuri kuliko ya miaka mingi.

Jane alikuwa juu ya kichanja cha miti, mkononi ana mpira wa kurushia udongo na pembeni debe bovu. Alikuwa amevaa sketi ya shule, kwa kuwa nguo nyingine ilikuwa imefuliwa.

"Shikamoo baba. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea. Shuka ule."

"Nikishuka watakula wao. Nipe huku huku." Akalipokea bakuli, akala kwa mkono mmoja. "Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Aa," Jane alisema.

Wingu la ndege likainama juu ya shamba lao. Jane akaweka bakuli chini, akasimama, akapiga debe na kupiga ukelele mrefu, mkali, ambao Marcelino hakuwahi kuusikia kutoka kooni mwake. Ndege wakainuka kama shuka linalokung'utwa, wakavuka mfereji, wakatua shamba la pili. Huko nako kukatoka ukelele. Marcelino akageuka. Juu ya kichanja cha ng'ambo alimwona msichana ameinua mikono, akamtambua kwa mtandio wa kijani wa mama yake. Ni Sada. Ndege wakainuka kwa Sada, wakatua mbele zaidi, na sauti nyingine ya mtoto ikawapokea, halafu nyingine. Marcelino alisimama kwenye mpunga, akajaribu kuzihesabu zile sauti. Alifika kumi na moja akaacha, maana zilizobaki zilikuwa mbali, zikiendelea kupokezana, hadi bondeni kule ambako macho yake hayakufika.